Mkia wa Ndege ya Mzee Gilbert

Albert Park, Durban

Mama yangu mpenzi,

Jambo sana. Natumaini goti limepoa, na kwamba kaka Hardy hakuachii kuni upasue mwenyewe. Mimi ni mzima, ila situlii. Nakaa, nainuka, chai inapoa mkononi. Ulisema nilizaliwa na siafu miguuni, na sasa wamezidi.

Nilikwambia kwamba nikitoka saluni nina kibarua cha mabati kule Jacobs, mtaa wa viwanda. Si uongo, lakini sikumaliza. Mteja wangu Clementina ana mume, mzee Gilbert, fundi mstaafu, anayejenga ndege ya watu wawili katika karakana yake.

Najua hapo umeiweka barua chini. Iokote, mama. Sijasahau kwamba baba alipoanguka na ile ndege ya mizigo, ulituapisha tusipande ndege kamwe. Ndiyo maana nilikuja huku kwa mabasi na malori, na hatujaonana tangu hapo, maana barabara ya kuja kwetu Kindu unaijua ilivyo mbovu.

Clementina ndiye aliyemsaidia mumewe mpaka vidole vyake vikaanza kuuma. Siku moja, nikimsuka, alicheka akasema vidole vyangu vinapita hata panya asipopita, akanipeleka karakana nishike nafasi yake. Kazi ni ya watu wawili. Mabati hushikanishwa kwa ribiti, vijiti vifupi vya alumini. Mzee anagonga kwa mashine akiwa nje. Mimi nimejikunja ndani ya mkia, nimekandamiza chuma kizito kwenye ncha ya ribiti ili ivimbe na kubana. Hatuonani. Nikigonga bati mara moja, niko tayari. Mara mbili, ribiti imeharibika, itolewe.

Nilimchosha mzee wa watu. Ikipinda kidogo tu, nagonga mara mbili. Siku moja alikuja na tochi, akachungulia, akasema, "Eish, Mireille, hii iko sharp. Hata mkaguzi ataipitisha." Nikamjibu kwamba mkaguzi hakufiwa na baba yangu. Hakuwa anajua habari zetu. Nilimweleza yote, nikilia kwa hasira. Akachukua drili, akaitoboa ile ribiti mpaka ikatoka. Tangu hapo haulizi.

Ndege ilikwisha, ikakaguliwa, mzee akairusha peke yake kwa miezi, kama sheria inavyotaka. Kila alipokuwa juu, wateja wangu walitoka saluni na mistari ya nywele iliyopinda.

Sasa nisikilize. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungekata. Jumamosi iliyopita nilipanda. Mzee alisema kiti cha pili ni cha aliyeshika chuma. Niliogopa, mama. Kisha nikaweka kiganja kwenye bati, nikasikia lote limebana. Nikamlilia baba. Miaka yote nilikuwa namwona akianguka tu. Kule juu nilikumbuka alivyopenda safari, na kwamba kabla ya kuanguka alikuwa anaitazama nchi yake, pengine akitafuta bati la nyumba yetu.

Nimevunja kiapo chako. Kasirika, ni haki yako. Lakini nimechoka kuwa na mama wa kwenye simu. Mwezi wa kumi na mbili nakuja Kindu kwa ndege. Najua hujakanyaga uwanja ule tangu siku uliyomngoja baba mpaka wakafunga lango. Njoo ungoje tena, mama. Safari hii mtu atashuka.

Msalimie Hardy na majirani wote wanaoniulizia. Goti ulikande kwa maji ya moto.

Ni mimi, mwanao wa siafu,
Mireille