Ilionekana na Nani?

Jumatatu, 3 Februari 2025

Kiswahili cha Biashara. Madam Watiri ametupa kazi yenye nusu ya maksi za muhula: ripoti ya biashara ya kweli, yenye swali la kweli, na mwenye biashara atakuja darasani Jumatatu ijayo kutusikiliza. Nimepewa Mwai awe mwenzangu. Au Mwai amepewa mimi. Inategemea nani analalamika zaidi.

Madam ana sheria mbili. Jibu liwe juu kabisa, kwenye muhtasari, maana mfanyabiashara anasoma akiwa amesimama. Hiyo naipenda. Ya pili: ripoti haina "mimi". Ati tuandike "ilionekana", "iligunduliwa". Nikainua mkono. Ilionekana na nani, Madam? Akasema, na macho, Rukaya. Darasa likaanguka kicheko. Hata mimi nilicheka — lakini kucheka si kujibiwa.

Swali letu ni la Bwana Wambugu, anayeuzia hoteli za hapa Nyeri nyama ya mbuzi: aendelee kununua kwa Shariff wa Doldol, au amwache?

Jumanne, 4 Februari

Ofisini kwa Wambugu. Amekaa kama mtu ambaye ameshajijibu. Tangu mwaka uanze, anasema, mbuzi za Shariff zimekonda. Yeye hupima Alhamisi kabla ya kuchinja, na mizani haina ukabila. "Mkiniandikia niache, naacha. Si niko na wasomi sasa?"

Yaani uamuzi upo. Kinachotafutwa ni karatasi ya kuufungia.

Mwai aliandika kila neno, hata kikohozi. Halafu akaenda nyumbani. Haja ya kuona mbuzi hana, anasema anawajua. Mimi nikangoja lori la Shariff, linaloleta mbuzi kila Jumanne, kule zizini nyuma ya nyumba ya Wambugu.

Mbuzi walishuka wakipigana! Mmoja alinipiga pembe pajani. Ushahidi ninao, ila si wa kumwonyesha Madam. Manyoya yanang'aa, mbavu hazionekani. Nikaona pia Shariff mwenyewe, maneno mengi, kofia safi. "Binti, si wamenona? Basi andika hivyo." Nikamwambia nitaandika nitakachoona. Hakufurahi sana. Wambugu akimwacha, anarudi kwa mabroka wa sokoni, na hao humla mwenye mbuzi kabla ya mbuzi.

Kwa hiyo wako wawili wanaotaka niandike wanavyotaka. Mizani haina ukabila, lakini ina pande mbili.

Alhamisi, 6 Februari

Nimerudi zizini peke yangu kabla hawajapimwa.

Si mbuzi wale. Ni wale wale, lakini si wale! Midomo imekauka, tumbo limeingia ndani, yule wa pembe ananiangalia tu kama mtu aliyekopa. Nikauliza maji yako wapi. Muchiri, anayewatunza, akanionyesha karai kubwa kwenye kona.

Ndani ya karai: majani makavu. Juu ya majani: kuku. Ameatamia.

Nilisimama pale nikijifunza biashara. Kuku hukaa wiki tatu juu ya mayai. Kabla ya hapo aliyataga, moja moja, humo humo. Karai hilo halijaona maji tangu — tangu mwaka uanze, basi! Hakuna mizani inayoweza kuandika tarehe vizuri hivyo.

Nikamuuliza Muchiri, kwa heshima, mbuzi wanakunywa nini. Akasema, "Majani iko na maji yake, madam." Mtu akiniita madam najua hataki swali la pili.

Nilipiga picha? Simu ilikuwa imezima. Bila shaka ilikuwa imezima.

Ijumaa, 7 Februari

Mwai ameleta sehemu yake. Inaanza: "Tangu enzi za kale, mbuzi amekuwa na nafasi muhimu katika maisha ya binadamu." Kurasa nne za enzi za kale! Nikamwambia Wambugu atakuwa amechinja wote kabla hatujafika karne hii. Nikakata. Akanuna. Nikakata tena, kwa sababu alikuwa ameshanuna na hakukuwa na hasara mpya.

Muhtasari wangu una mistari mitatu. Usimwache Shariff. Weka maji zizini leo. Pima mbuzi wanaposhuka lorini na upime tena Alhamisi; tofauti ya uzito hapo katikati ni yako, si yake. Chini yake: "Tarehe 6 Februari niliona karai la maji la mbuzi likiwa na kuku aliyeatamia."

Madam aliusoma akiwa amesimama, kama mfanyabiashara. Mistari mitatu ilimfurahisha, nilimwona. Kisha kalamu nyekundu ikatua juu ya "niliona". Andika ilionekana, akasema, uondoe huyo mtu. Nikasema, Madam, huyo mtu ndiye pekee aliyekwenda. Akasema "niliona" husikika kama mtu mwenye hasira, naye haaminiki kwenye karatasi. Nisipobadilisha, maksi za lugha sipati, na Mwai hapati pia.

Mwai aliningoja nje. "Rukaya, badilisha tu. Halafu — usiniangalie hivyo — watasema unamtetea Shariff sababu nyinyi ni watu wamoja."

Watu wamoja! Eti kwa sababu majina yetu si ya hapa Nyeri. Baba yangu anauza spea za magari hapa mjini, Shariff anauza mbuzi Doldol, tumekutana mara moja, na mbuzi wake amenipiga. Lakini ndiyo. Najua watasema. Ndiyo maana "ilionekana" ni tamu hivyo: ningejificha humo na jina langu, nisiulizwe mimi ni wa nani.

Sibadilishi.

Jumapili, 9 Februari

Nimejaribu kubadilisha. Kwa ajili ya Mwai, anayelipiwa karo kwa harambee na hawezi kupoteza maksi. "Ilionekana kwamba karai lilikuwa na kuku." Nikaisoma kwa sauti. Inaonekana kama kuku ndiye aliyeandika.

Nimerudisha.

Jumatatu, 10 Februari

Naandika nje ya darasa, kwenye benchi. Tumeambiwa tungoje.

Nilisoma muhtasari. Wambugu, kiti cha mbele, akatabasamu mstari wa kwanza kama aliyesikia mzaha, wa pili akaacha. Akasema karai lake lina maji kila siku, analipa mtu. Akageuka darasa zima limsikie: "Na huyu msichana, Shariff ni mjomba yake?"

Wengine walicheka. Madam hakucheka. Akauliza, kwa sauti ile ya sheria ya pili: karai liliona — akajisahihisha — karai lilionwa na nani?

"Na mimi," nikasema. "Rukaya. Si mpwa wa mtu hapa. Nilikwenda, niliona. Mwenye swali aniulize mimi, asiulize ukoo."

Sikukaa chini.

Wambugu akatoa simu. Akaweka sauti kubwa ili niaibike vizuri. "Muchiri! Ile karai ya mbuzi iko na maji?"

Mbuzi mmoja akalia huko nyuma.

"Ile ya kona, boss?"

"Kwani ziko ngapi!"

"Sasa boss... si Mama wa hapa nyumbani alisema hiyo kuku isisumbuliwe? Imeanza kutoa leo asubuhi. Zimefika saba."

Na tukawasikia. Vifaranga. Wakipiga kelele ndani ya simu ya Wambugu, mbele ya darasa zima la Kiswahili cha Biashara.

Madam akatuambia tutoke kidogo, aongee na mgeni. Mlango umefungwa. Namsikia Wambugu akisema jina la Shariff, lakini sisikii alichotanguliza, "nitamwacha" au "sitamwacha". Madam kashika ripoti yake, ile yenye wino mwekundu. Yetu safi, ya kukabidhi, iko kwangu.

Mwai amesogea kwenye benchi. Sauti imelainika kama mtu anayeomba chumvi.

"Rukaya. Hapo kwa 'niliona'. Tungeandika 'tuliona', si ni moja tu? Ni herufi mbili."

Nimemuuliza yeye aliona wapi. Ati aliniona mimi nikienda.

Ameomba kalamu. Simpi. Nimeiweka ripoti chini yangu nikaikalia, kama yule kuku, na kitasa cha mlango kinazunguka —