Miche Mirefu Niliyompa Mama Mkwe

Mshauri mpendwa, naomba msaada kabla sijaumbuka. Mimi ni fundi wa kitalu, mwaka wa kumi na moja huu naotesha misonobari, na wateja wanapenda mche mrefu wa kijani kibichi, basi nami namwagilia asubuhi na jioni, naiweka kivulini mpaka siku ya kuondoka, na mama mkwe alipotaka kupanda kwenye shamba lake la mchanga nilimchagulia mirefu kuliko yote, mia nne, ili anione mkwe wa maana, ikafa, nikamwambia ni mchwa, mwaka uliofuata nikampa mingine, ikafa, nikamwambia ni jua, lakini wiki iliyopita nilichomoa mmoja kwa siri nikakuta mizizi imejiviringa kwa umbo lile lile la kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea, haijaingia mchangani hata kidole, yaani kosa lilianzia kwangu kitaluni. Yeye anasema mkono wake una nuksi. Kila jioni anabeba ndoo kumwagilia vijiti vikavu, mwanamke wa miaka sabini, na mke wangu akiniambia, "Baba watoto, si wewe ndiye mtaalamu? Mwambie mama aache," mimi nakohoa tu. Nikisema kweli nitamtazamaje usoni?

Mkwe Mwenye Aibu

Mkwe, pole, ila si sana. Pole kubwa nampa mama. Umewasingizia mchwa, umelisingizia jua, umebakiza mwezi tu!

Aibu haiui mtu. Ndoo zile ndizo zitakazomuua mama wa watu. Nenda Jumamosi hii, mikono mitupu, bila zawadi ya kulainisha. Mwambie, "Mama, mkono wako hauna kosa. Miche yangu ndiyo yenye kosa." Akifoka, kaa chini usikilize mpaka amalize.

Kisha rudi kazini. Mche wa kwenda mchangani haudekezwi. Miezi miwili kabla ya mvua ondoa kivuli, punguza maji kidogo kidogo, shina linenepe. Mpelekee mifupi, urefu wa shubiri. Mizizi iliyojiviringa ikate kwa wembe. Na msipande kwa pupa mvua ya kwanza: chimbeni, mtie mkono shimoni, mkikuta unyevu mpaka kwenye kiwiko, vueni kiriba, pandeni kwa kina, mshindilie kwa kisigino. Nyasi ng'oeni hatua nzima kuzunguka, maana zinakunywa maji ya mche, mzilaze hapo hapo juu ya mchanga. Utashika jembe wewe, si yeye.

Mteja akililia mirefu, mpeleke shambani kwa mama mkwe. Mwache mama amweleze kilichotokea, nawe usimame hapo hapo, usikohoe.