Insha ya Muriithi

Nyeri, Jumanne, Julai 1996

Nimeficha hili tangu nikiwa mwalimu wa falsafa seminarini: niliipenda fenomenolojia huku nikiibeza darasani.

Nilifundisha metafizikia ya zamani, iliyoanza na kuwako kwenyewe. Wanafalsafa wapya wa Ulaya, wenye hiyo fenomenolojia, walitaka tuanze na jinsi vitu vinavyotujia tunapoishi navyo, ndipo tuulize kuwako ni nini. Mpaka leo nastaajabia ujasiri huo.

Leo Muriithi, mwanafunzi wangu wa zamani, ameniletea mkebe wa maziwa kutoka Mukurweini. Aliwahi kuandika insha juu ya mama yake akichambua kahawa: mkono hulijua tunda bovu kabla akili haijalipa jina, na hapo kuwako hujionyesha. Nilimpa sifuri. Kwa sifuri hiyo akafukuzwa seminarini.

"Mwalimu, ile falsafa ilinishinda," alisema akicheka. "Ng'ombe wangu hawaniulizi kuwako ni nini."

Nikacheka naye, mwoga mimi.

Kesho atarudi kuchukua mkebe wake, na kwetu chombo hakirudishwi kitupu. Nitatia ndani insha yake, ambayo sikuwahi kuitupa.

Falsafa haikumshinda. Nilimpa sifuri kwa sababu alikuwa ameandika nilichokuwa nikishindwa kukiandika mimi.