Utani Kwenye Meza ya Mkataba

Alhamisi. Jua kali, vumbi, mvua haina hata dalili. Nimerudi nyumbani, sahani ya chakula nimeisukuma pembeni.

Leo tulikuwa na majadiliano ya mkataba wa hali bora: chama chetu cha wauguzi upande huu, mwajiri wetu halmashauri upande ule. Mimi ni mwakilishi wa wodi ya wazazi, na nilikwenda na jambo moja tu. Usiku tuwe wauguzi wawili wodini. Sasa hivi tunakaa mmoja mmoja.

Wiki iliyopita huyo mmoja nilikuwa mimi. Mama mmoja alijifungua akaanza kuvuja damu, na nikiwa nahangaika naye, binti aliyeletwa kutoka kijiji cha Ipole alikuwa anasukuma mtoto kwenye kitanda cha pili. Nilimwambia asubiri. Mtu anasubirije? Yule mama alipona. Mtoto wa yule binti nilimkuta ameshachoka, nikamhangaikia, hakulia.

Haya yote nimeyaeleza leo. Afisa utumishi wa halmashauri, Bwana Kibwana, ni Mzaramo. Mwenyekiti wetu, Mzee Maganga, ni Mnyamwezi kama mimi. Makabila yetu ni watani, utani wa tangu babu zetu wanabeba mizigo kwenda pwani, na mtani hakasirikiwi. Nilipomaliza tu, Bwana Kibwana akajiegemeza kwenye kiti.

"Hawa Wanyamwezi bwana! Babu zao walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, leo kitoto kichanga wanataka wakibebe wawili!"

Wakacheka. Meza nzima. Mzee Maganga alicheka mpaka akavua miwani, naye akamrudishia kwamba Wazaramo wanachojua ni ngoma tu. Soda zikaletwa. Kipengele changu kikaandikwa "kitazingatiwa hali itakaporuhusu", tukahamia kwenye rangi ya viatu vya kazini.

Rangi ya viatu!

Ndivyo wanavyofanya kila tukifika pagumu. Wanaingiza utani, na ukinuna unaonekana hujui mila. Ni ujanja mchafu. Bwana Kibwana nimemchoka, ila wa kwetu wanaomchekea nimewachoka zaidi.

Nikanyoosha mkono. Nikasema, "Shikamoo mtani." Akaitikia marahaba, kicheko bado kiko mdomoni. Nikamwambia sawa, wewe ni mtani wetu, nimekubali. Lakini kazi ya mtani ni msibani. Ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayeshinda na wafiwa.

"Msiba uko Ipole, mtani. Mtoto amezikwa na baba yake na majirani, wewe hatukukuona. Twende kesho, gari la ofisi lipo. Ukawachekeshe."

Hakuna aliyecheka. Bwana Kibwana akainamia simu yake kama mtu anayesoma ujumbe. Mzee Maganga akanikanyaga mguu chini ya meza, na kikao kikaahirishwa mpaka kesho asubuhi.

Nje akanivuta pembeni. Eti nimeharibu hali ya hewa, eti wenzetu wa halmashauri walikuwa wameshaanza kulainika, kwa hiyo kesho nifungue kikao kwa kuomba radhi. Mzee Maganga alikuwa rafiki wa marehemu baba, nimekua nikimpigia goti. Leo nilimtazama nikaona kinyaa, na kuandika neno hilo juu yake kunaniuma.

Maana ningemwelewa kama angeogopa. Hakuogopa. Aliufurahia utani ule.

Siombi radhi. Aliyepaswa kuombwa radhi yuko Ipole, maziwa yamemjaa kifuani na hana wa kumnyonyesha. Kesho nitakisema kipengele kilekile, na wakinitania tena, nitauliza tena safari ya Ipole ni saa ngapi.

Sasa navaa niende zamu. Mwenzangu wa mchana amenipigia: kina mama watatu wako kwenye uchungu, na mmoja ana mapacha.

Niko peke yangu. Nikianza na huyu, yule nimwambie nini?