Mpaka Kwenye Robot

Mjukuu wangu Baraka, mume wangu wa utani,

Pokea salamu kutoka Joubert Park, hapa Johannesburg. Hatujambo. Mama yako kapata wateja wapya wa kusuka, nami bado nashona, ila uzi sasa natungiwa.

Umeniuliza kama siku tatu Italia, kabla ya kupanda hiyo meli ya watalii, zinatosha kuona Roma, Firenze na Venisi. Hazitoshi! Chagua mji mmoja, upotee humo vizuri.

Siku yangu ya kwanza Johannesburg, nikiwa binti, nilielekezwa: "Nenda mpaka kwenye robot, kata kushoto." Nikatembea nikimtafuta mtu wa chuma. Nilipita taa nne za kuongozea magari, nikatokea mtaa mwingine kabisa, Doornfontein. Mama muuza mahindi alicheka hadi akakaa chini.

"Eish, dada, robot ndiyo hiyo taa!"

Akanirudisha kwa miguu, tukiongea njia nzima. Mtaa ule ndio ninaoujua kuliko yote.

Umesema kwenye fomu ya viza, penye sababu ya safari, umeandika "matembezi". Ukoo wetu umejaza fomu nyingi, Baraka, za kutafuta kazi na makao, na hakuna aliyewahi kuandika neno hilo. Nimewasomea majirani wa ghorofa nzima.

Bibi yako,
Zuhura