Kunja Muguu

Mama, wewe uliyetangulia,

Watu wakikutaja hapa mjini Baraka wanasema, "Yule mama alikuwa na roho nzuri." Mi naitikia tu, halafu nikirudi nyumbani nagonga sufuria mpaka majirani wanauliza kuna nini. Kuna wewe. Nina hasira na wewe, na umekwenda mahali ambapo siwezi kukufuata nikakuambia.

Unakumbuka Zaina wangu alipokuwa mdogo, malaria ikimshika kila mara? Ulirudi kutoka ziwani na harufu ya samaki wa ndagala mikononi, ukamgusa paji la uso, ukasema, "Kidonge ni ya kucheza. Mutoto apigwe shindano." Ukambeba mgongoni, ukamwimbia njia nzima mpaka kwa yule mwenye duka la dawa sokoni, naye akamdunga kinini pajani. Homa ikirudi, unambeba tena. Paja lile lile. Ulimpenda mjukuu wako, najua, na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Kisha goti likakataa kukunjika. Tukikaa mkekani kula bugali, mguu wake wa kulia unabaki umenyooka mpaka kwenye sahani, nawe unageuza mwiko unamgonga goti. "Kunja muguu! Mutoto gani ananyoosha muguu mbele ya bakubwa?" Alikuwa anakujibu, "Bibi, inakataa." Ukamwita mkaidi mbele ya wageni. Madrasa nako wakamwita hivyo hivyo, maana wenzake wakipiga magoti kusali, mguu wake uko nje. Chooni alinishika shingo asianguke. Ulikufa ukiamini kwamba hana adabu.

Ulipokwisha kuzikwa ndipo tukasikia kuna madaktari hospitalini wanapasua watoto wenye magoti magumu. Bamama walijaa, wa kutoka Mboko, wa Misisi, hata wa Bibokoboko kule milimani, kila mmoja na mtoto wake aliyenyoosha mguu. Daktari akapitisha kidole juu ya vishimo vya sindano pajani mwa Zaina. "Musuli umekuwa kovu, mama. Hauvutike tena. Goti yenyewe iko muzima." Akauliza nani alitaka apigwe hapo. Nikatazama ukuta. Sikukutaja, na usinishukuru.

Nilikwenda kwa mwenye duka. Akanijibu huku anajaza bomba la sindano ya mtoto mwingine: "Na homa haikupona?" Ilipona, Mama. Nikamtukana.

Wakapasua paja, wakakata kovu, wakafunga mguu ukiwa umekunjwa. Halafu yakaja mazoezi, na hayo yalikuwa mabaya kuliko kisu. Kila asubuhi mimi nisukume, yeye alie, kwa sababu tukiacha, kovu litashika upya. Muganga wa mazoezi akaniambia, "Mwambie akunje muguu." Zaina akilisikia neno hilo anakinga goti kwa mikono miwili, hata kama hakuna mwiko. Basi kwetu halisemwi tena. Namwambia, "Leta kisigino kwa mama," naye anakileta kidogo kidogo, akiuma kitenge changu.

Siku ya Idi tulikuja kwako. Alichuchumaa, Mama. Yeye mwenyewe, bila kumshika mtu, akang'oa majani kaburini kwako mpaka pakawa safi. Nililia, wala si kwa ajili yako. Kisha akakaa chini, akanitazama, akaunyoosha ule mguu wote mpaka unyayo ukagusa udongo wako.

Mama mdogo, yule dada yako, akakohoa. "Zaina, kunja muguu."

"Umuache," nikasema. "Leo ananyoosha kwa kupenda."

Pumzika huko, kama unaweza.

Binti yako,
Mama Zaina