Diski ya Safu Mbili

Thamesmead, London
8 Novemba 1998

Mama yangu mpendwa, Mwalimu Skolastika,

Shikamoo, Mama. Natumaini barua hii itakukuta umekaa barazani na miwani yako, na ile kalamu nyekundu iko mbali, ingawa najua haitakaa mbali. Goti limepoa? Faustine na mkewe bado wanakuchotea maji kama walivyoahidi? Mimi mwilini sina ugonjwa. Baridi imeanza, navaa soksi mbili mbili, nakula.

Barua yako ya Septemba imenifikia, nami nimeisoma mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, hiyo kompyuta ninayojifunza ni kitu gani hasa. Pili, kama nitakuja Krismasi, kabla daktari hajakutoa mtoto wa jicho, kwa kuwa unataka kuniona kwa macho uliyozaliwa nayo kabla mtu hajayagusa. La kwanza ni jepesi, nitaanza nalo.

Kompyuta yangu ni kuukuu, ya kuchomekwa nyuma ya televisheni. Nyumba ni ya Anne-Marie, mama wa Kikongo kutoka Bukavu anayesafisha maofisi. Nalala chumba kimoja na binti yake Armelle, miaka kumi na mmoja, ambaye akiitwa kwa Kiswahili anajibu kwa Kiingereza. Kompyuta nimeiweka miguuni pa kitanda. Ikiwa mezani, kabati halifunguki. Nikitaka nguo, lazima Armelle apande juu ya godoro. Dirisha linatazama ukuta wa jengo jingine, wa saruji, wenye michirizi ya mvua. Nimeuhesabu ukuta ule: una michirizi kumi na saba.

Nilitaka kamusi. Watu wa huku wamezitia kamusi kwenye diski, vibamba vyenye upana wa kiganja. Unakitumbukiza kimoja na mashine inajua maneno yote. Ng'ambo ya pili ya jiji, karibu na stesheni ya Rayners Lane, yuko mzee Alnashir anayeuza mashine zilizotumika. Alizaliwa Mwanza. Nilipomwambia natafuta diski ya maneno ya Kiswahili alivua miwani, akasema hajaulizwa kitu kizuri hivyo tangu afungue duka. Alinitafutia miezi mitatu. Aliviandikia vyama vya watu wanaobadilishana diski kwa posta, akapekua kurasa za mwisho za magazeti ya zamani ya kompyuta. Kikaja Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani. Ikaja orodha ya majina yote ya Biblia, na nyingine ya wacheza mafumbo ya maneno. Ikaja hata diski ya lugha iliyobuniwa na mtu mmoja mezani kwake. Kiswahili hakikuja. Alnashir aliniambia, dada, hata lugha isiyo na mama imepata diski, sisi tuliozaliwa Mwanza tutakumbukwa na nani?

Basi akanifundisha kutengeneza yangu. Nikakumbuka daftari la msamiati ulilonilazimisha kuandika tangu darasa la tatu, mstari umechorwa katikati ya ukurasa, neno geni upande mmoja, nilijualo upande wa pili. Nikafanya hivyo hivyo. Alipokuwa ananielekeza alinisikiliza kidogo, akacheka, akasema huyu Mkongo amefundishwa na mwalimu wa Tanzania, tena mwenye fimbo. Nilicheka naye. Nikabeba diski zangu, na sijarudi dukani kwake mpaka leo.

Utajiuliza kwa nini aliniita Mkongo. Mama, hapo ndipo jambo la pili linapoanza, na nakuomba usimpe Faustine akusomee kuanzia hapa. Kama macho yamechoka, pumzika, uje uendelee kesho.

Chuo nilichojia kilifungwa mwaka mmoja baada ya mimi kufika. Mfadhili wa parokia akanyamaza. Ruhusa yangu ya kukaa ikaisha Novemba 1996, na nilikuwa nimekwisha kukuandikia kwamba nafaulu vizuri. Wakati huo redio ilikuwa inataja vita ya Uvira, huko Kongo, kila asubuhi. Mtu mmoja akanishauri, nami nikafuata. Nilikuwa na akili zangu zote. Nilichana pasipoti. Nikaenda ofisi ya uhamiaji, nikasema naitwa Miradie, nimekimbia Uvira, naomba hifadhi. Anne-Marie niliyekutana naye kanisani Woolwich nilimwambia vilevile, na kwamba nasema Kiswahili cha Tanzania kwa sababu nililelewa na mjomba Kigoma. Akanikaribisha kwake siku hiyohiyo.

Ofisini wangenipa mkalimani Mkongo. Kwa hiyo orodha yangu haikuwa kamusi, Mama. Nilikuwa nakaa jikoni na Anne-Marie, namsikiliza akikata mboga, kisha naenda chumbani kuandika. Safu ya kulia niliita kwao: lengalenga, munganga, masomo. Safu ya kushoto niliita kwetu: mchicha, daktari, shule. Jioni nilifunika safu ya kushoto kwa karatasi na kujifunza ya kulia kwa moyo. Maneno elfu mbili mia nne. Anne-Marie aliponiuliza ninaandika nini, nilisema kamusi ya Armelle, asipotee. Alifurahi mno. Akalitangazia kanisa zima, na sasa wanataka kuichapa, jina la Miradie juu.

Kwenye usaili waliniuliza wazazi wangu wako wapi. Baba nilisema amekufa, na hiyo ni kweli. Nawe nilisema umekufa. Wakauliza ulikuwa umevaa nini. Nikasema kitenge cha kahawia chenye ndege, kile ulichovaa siku ya kunisindikiza.

Anne-Marie aliposikia, alikusanya kina mama. Walitoa viti vyote sebuleni, wakanikalisha kwenye godoro chini, wakapika siku tatu. Mama yake mwenyewe alikuwa ameuawa Bukavu mwezi uleule niliosema umekufa wewe, naye hakuwa amepata nafasi ya kumlilia. Alisema wewe na mimi ni yatima wa vita moja, tuwalilie pamoja. Tuliwalilia pamoja. Alinishika kichwa kifuani. Nililia kweli, Mama, sijui nilimlilia nani.

Jumatatu iliyopita alimwambia Armelle awashe mashine na kumsomea kamusi yake. Nilikuwa nimekwenda dobi. Niliporudi nilimkuta kakaa kitandani, kabati limefunguliwa, sina pa kukanyaga. Armelle alikuwa anasoma kwa lafudhi yake ya Kiingereza, kwetu, kwao, kwetu, kwao. Anne-Marie alisikiliza mpaka mwisho wa ukurasa. Akasema maneno matatu nimekosea, akayataja. Kisha akaniuliza mama yako anaitwa nani. Nilijibu Skolastika. Akauliza, mzima? Nikasema mzima, anasubiri kutibiwa macho.

Hakupiga kelele. Alitoka, na tangu siku hiyo hasemi nami. Chumvi ananiomba kupitia kwa Armelle. Hajaenda kunishtaki, wala kanisani hajasema. Ila ile kamusi amewaambia haichapwi.

Kwa hiyo siji Krismasi. Kesi yangu haijaamuliwa mwaka wa pili huu. Nikitoka sirudi, na wa kutoka ni Miradie, ambaye huko kwetu Kasulu hana mtu. Nikienda kusema ukweli ofisini, sijui nitalala wapi siku hiyo. Sijaamua. Nimeamua barua hii tu. Naogopa neno moja kuliko kufukuzwa: siku utakayokufa kweli, sitakuwa na wa kuniwekea godoro chini. Msiba wako ulikwisha kuliwa hapa. Nitavaa soksi zangu, nitakwenda dobi.

Usingoje kuniona. Waache wayaguse macho. Ukipona, chukua kalamu nyekundu, uisahihishe barua hii yote, unirudishie.

Msalimie Faustine na mkewe. Wasalimie walimu wenzako wa zamani, na jirani wa mizinga ya nyuki.

Nilipokuwa naandika ukurasa huu Armelle alikuja kusimama mlangoni, akasema kwa Kiingereza mama yake ameuliza kama barua ni ya Kasulu. Nikasema ndiyo. Akaenda, akarudi, na safari hii aliyatoa maneno ya mama yake kwa Kiswahili, neno kwa neno, kama alivyokaririshwa: Anne-Marie anamsalimu mama aliyemlilia, anamtakia macho mazuri.

Ni mimi binti yako,
Leokadia